Ukuta wa Innocent

Jumatatu, 3 Juni 2024
Wiki ya tano ya ndoa! Bado naamka mapema ili nimtazame akilala.
Asubuhi nimempelekea Innocent uji saluni, hapa Utemini. Nimemkuta baba mkwe amesimama mbele ya ukuta. Tupac, Eminem na Snoop Dogg, wanarapa wa Marekani — mume wangu amewachora mwenyewe kwa rangi ya mafuta. Mimi nilimpendea palepale, nikipita kwenda sokoni.
Baba anasema wageni wa usharika wanakuja kutoka Ujerumani, na Jumapili watapita hapa kwenda ibadani. Wazungu hawawajui watu hao. Wataona tumechora majambazi. Ukuta upakwe chokaa. Kiwanja ni chake, saluni ni yake, kwa hiyo Innocent amejibu ndiyo, baba. Ndiyo! Mimi nimeinamisha kichwa kama mkwe mwema. Moyoni: tutaona.

Jumatano, 5 Juni
Nimemwendea sista mzee wa zahanati, Mwitaliano. Nimemwonyesha picha ya ukuta kwenye simu, nijue kama Wazungu wanawajua. Tupac hamjui. Eminem — akauliza anachezea timu gani.
Sijamwambia Innocent. Mtu mmoja si Ulaya.

Jumamosi, 8 Juni
Wageni sita wamekula mchana kwetu. Kazi ya mkwe mpya ni kunawisha, basi nimepita na jagi na beseni, na kila niliyemmwagia maji nimemuuliza polepole, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kama anawajua wale wa ukutani.
Binti wa miaka ishirini anawajua wote, akaanza kughani mpaka mchungaji wao akakohoa. Huyo mchungaji anamjua Tupac kwa jina tu. Mwalimu mstaafu anamjua Eminem, wanafunzi wake walimchosha naye. Wawili walisema wamewahi kuwasikia, hawakumbuki wapi. Wa mwisho, mkulima mzee, hajui hata mmoja. Akauliza kama ni kaka zake mume wangu.
Baba amesikia la huyo tu. Eti mzee mwenzake hawajui, hao wengine ni watoto. Mwalimu ana miaka sitini na mitatu!
Jioni nimekaa na Innocent. Nimemshika mkono, wenye rangi kwenye kucha. Nampenda mpaka nashindwa kula.

Jumapili, 9 Juni
Saa moja asubuhi. Naandika nimesimama, mgongo kwenye kifua cha Tupac. Innocent ameenda kufunga spika kanisani. Baba amekuja na ndoo ya chokaa.
Shikamoo nimempa kwanza. Kisha nikaegemea. Baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hata begani. Anajua. Najua.
Ameanzia mwisho wa ukuta. Snoop hayupo tena. Eminem amekwisha. Amefika hatua moja kutoka kwenye kiwiko changu.
“Mama, sogea.”
“Hapana, baba.”
Hapana yangu ya kwanza katika ukoo huu. Akasema wazungu wenyewe si wote wanaowajua. Nikamwambia hata kama Ulaya nzima haiwajui, mume wangu amechora, na mimi sitoki.
Amemwita mama mkwe aje aniondoe. Mama amefika na kitenge chake cha kwaya, kitabu cha nyimbo kwapani. Ametutazama mmoja mmoja, halafu akamgeukia baba.
“Kwani mkweo ameegemea nani hapo?”
Baba ameutazama ukuta.
“Tupac,” amesema.
“Kumbe mzee nawe unamjua,” mama amesema. Brashi iko hewani, chokaa inamdondokea baba kwenye viatu vya kanisani, na huko barabarani naanza kusikia Kijerumani.