Vipande Thelathini na Saba vya Makokha

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mimi ni mtu wa bahati. Sijisifu, nasema tu hesabu ilivyo. Katika maseremala wote wa soko la Gikomba, nani amewahi kupanda ndege? Mimi, Mbaluka, niliyeishia darasa la saba! Miaka miwili Dubai, hoteli ya ghorofa arobaini, mapazia yanajifungua yenyewe. Kila Alhamisi bendi ilikuwa inapiga pale chini, na vibrafoni yao, ala ya kugonga kwa fimbo, nilikuwa naikaza skrubu mimi, kwa mikono hii. Mzungu wa bendi alinipa mkono. Kuna watu wanaishi maisha yote bila kupewa mkono. Ndiyo maana mtaa wetu mzima wa Jericho unaniita Dubai, hata pasta.

Leo nimeanza kazi. Namtengenezea Makokha vibrafoni.

Sababu ni hii. Vivian, binti yake, amepita hapa asubuhi akienda kazini. Hata hakuketi. Amesema baba yake anapelekwa Webuye kwa kijana wake mkubwa, Jumatatu tarehe sita Oktoba. Tangu alipougua Aprili mkono wa kushoto unatetemeka na hawezi kuachwa peke yake mchana. Tarehe tano majirani watamuaga pale kwenye holi ya mtaa.

"Siku hizi haongei, anko. Anapiga meza tu na vidole."

Anapiga meza! Mtu aliyepiga vibrafoni miaka ishirini kwenye mahoteli ya mjini, wageni wanaacha chakula kinapoa. Sasa anapigia chai muziki.

Nikamwambia Vivian: mwambie mzee atapiga kitu chenye sauti kabla hajapanda hilo basi. Mdomo wangu huu. Unatangulia, mimi nafuata nyuma nikihema.

Jumamosi, 6 Septemba

Alumini nimepata Kariobangi, vyuma bapa vya jengo lililobomolewa. Nimekata vipande thelathini na saba, kila kimoja kifupi kuliko mwenzake. Ni kama marimba, ila ya chuma, halafu chini ya kila kipande kuna bomba la kubeba sauti. Mkono wangu wa msumeno umekufa ganzi. Nashika kikombe kama mtoto.

Leo nimemaliza chumvi ya Nthoki. Mke wangu huyu hana subira na sayansi. Unanyunyiza chumvi juu ya kipande, unakigonga, chumvi inacheza, inacheza, halafu inajikusanya mistari miwili. Hapo ndipo unatoboa tundu la kamba, kwa sababu hapo chuma hakitikisiki. Ukitoboa kwingine umekiua, kinalia kama sufuria ya ugali.

Nthoki amesimama mlangoni na mboga bila chumvi.

"Hiyo pia ni ya Dubai?"

"Ya Dubai."

Niliiona kwa Makokha zamani, lakini Dubai pia lazima wanafanya hivyo. Watafanyaje vingine?

Jumatano, 10 Septemba

Sasa sauti. Kiarie, mpiga kinanda wa kanisa letu, ameniazima kinanda siku za wiki, nirudishe Jumamosi jioni. Akanionya nisiguse vitufe, ameshakipanga vile kwaya inataka. Nikamwambia mimi si mtu wa kugusagusa.

Ni hivi: napiga noti kwenye kinanda, nagonga kipande, nanyoa kwa tupa. Ukinyoa tumbo, sauti inashuka. Ukinyoa ncha, inapanda. Kama binadamu tu. Tumbo likiisha, hata sauti ya mtu inashuka. Leo nimemaliza vitatu. Vitatu! Vumbi la alumini limeingia mpaka kwenye chai.

Makokha ametuma Vivian: nimletee hata kipande kimoja asikilize, mkono umeharibika lakini masikio ni yale yale. Nikakataa. Nikasema, mwambie kule Dubai nilikuwa naulizwa mimi, siulizi. Ataiona ikiwa imekamilika, na kitambaa juu, kama bibi harusi.

Alhamisi, 18 Septemba

Ishirini na mbili. Bado kumi na tano. Mgongo.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimepumzisha tupa, nimechonga fremu. Mahogani, masalio ya kitanda cha mteja mwenye tamaa. Ubavuni nimeweka twiga. Makokha huwa anasema Mkamba hata akichonga jeneza ataweka twiga. Basi acha acheke. Sijamsikia akicheka tangu Aprili.

Nthoki anasema nazungumza na vipande usingizini. Anasema namwita mmoja "mjinga wewe". Namjua ni yupi.

Jumapili, 28 Septemba

Imekwisha!

Sponji ya kuzimia sauti nimefunika kwa koti zito la mitumba, kitambaa cha kutoka nchi ya baridi. Pedali nimetoa kwenye cherehani iliyokufa. Mota ni ya feni ya meza, inazungusha visahani kwenye midomo ya mabomba na sauti inatetemeka wuu-wuu-wuu. Nimejaribu vipande vyote na kinanda cha Kiarie kabla ya kukirudisha jana. Sawa sawa! Hakuna tofauti hata ya unywele.

Baada ya ibada nikaitoa nje ya nyumba. Nani angeweza kuificha? Ploti nzima ikaja, majirani wote. Nikagawa fimbo, kila mtu agonge. Mama Phelister, kiongozi wa kwaya, akagonga kimoja akasema ni kama kengele iliyookoka. Mimi nikasema pole pole jamani, foleni, foleni, lakini sikumfukuza mtu. Nthoki aligonga cha mwisho kabisa. Kimoja tu. Halafu akaketi kwenye ngazi mpaka sauti ilipoisha yote.

"Mbaluka," akasema, "hii kitu umetengeneza wewe?"

Miaka thelathini na moja ya ndoa. Hajawahi kuniuliza hivyo kwa kitanda chochote nilichochonga.

Nimelala saa moja jioni. Na viatu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimechoka hata kuandika, lakini lazima.

Tumeipeleka kwa Makokha na mkokoteni, mimi mbele, mwenye mkokoteni nyuma ananitukana kila shimo. Vivian akamtoa baba yake uani na kiti. Nikavuta kitambaa. Mzee akaangalia. Akaona twiga.

"Mkamba wewe," akasema. Akacheka! Mpaka Vivian akageuka ukutani.

Akachukua fimbo mbili mkono wa kulia, moja wa kushoto. Ule wa kushoto unatetemeka, na akasema, "Vizuri, nimejiletea mota yangu mwenyewe." Akapiga. Polepole, wimbo wa zamani wa bendi yao. Watoto wakaacha mpira. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyezaa.

Alipomaliza akainamisha kichwa. "Sauti imelala chini kidogo, au ni mimi?"

"Ni wewe," nikasema. Mungu anisamehe.

Saa kumi akaja Job na saksafoni, mwenzake wa bendi. Hao wawili ndio watapiga Jumapili. Job akapuliza, Makokha akagonga. Yesu! Kama watu wa nyumba moja wasiosalimiana. Wakaanza tena. Mbaya zaidi. Mimi nikamwambia Job saksafoni yake imezeeka. Makokha akaweka fimbo chini, moja moja.

"Vipande vinapatana vyenyewe kwa vyenyewe," akasema. "Lakini havipatani na dunia. Sauti ulitoa wapi, Mbaluka?"

"Kinanda cha kanisa."

Akafunga macho.

Vivian akauliza kama inaweza kutengenezeka kabla ya Jumapili. Kunyoa thelathini na saba upya? Mwezi mzima! Nikasema inawezekana. Mdomo wangu huu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimeenda kwa Kiarie kabla hajapiga mswaki. Nikamshika kola kwa upendo. Kumbe! Yeye anapiga nyimbo zote mahali pamoja kwenye kinanda, halafu kitufe ndicho kinapandisha au kushusha. Na kwa sababu Mama Phelister siku hizi anashindwa kule juu, kitufe kilikuwa kimeshushwa hatua moja tangu Pasaka.

"Kwani unajua kupiga mahali pangapi?" nikamuuliza.

"Mahali pamoja tu, fundi. Lakini napajua vizuri."

Basi vipande vyangu vyote viko chini hatua moja. Vyote! Karibu wiki tatu nimenyoa tumbo la chuma nikifuata koo la Mama Phelister.

Nikarudi kwa Makokha. Nilitaka kumwambia tuache. Nikakuta ameketi mbele ya vibrafoni, ameshafungua kamba ya kwanza kwa mkono mmoja na meno.

"Kama kila kipande kinalia kama jirani yake wa kushoto," akasema, "basi kihamie kwa jirani."

Nikasimama. Nikahesabu na vidole. Ni kweli! Kila mtu anahama nyumba moja. Cha kwanza kinabaki bila pa kukaa, na mwisho wa kulia panabaki pengo.

"Na hilo pengo, Mzee?"

"Ile noti ya mwisho sijawahi kuigusa maishani. Ilikuwa ya urembo."

Kama ningemletea kipande kimoja tu, kile cha tarehe kumi! Angeniambia siku hiyo hiyo. Hakunisema. Ningefurahi kama angenisema.

Tumefanya kazi mchana kutwa. Mimi nasogeza vigingi, nasukuma vizibo vya mabomba juu kidogo, yeye anagonga na kusikiliza. Vivian anatushikia skrubu. Akamuuliza baba yake, ile vibrafoni yako ya kwanza ilienda wapi? Nilijua itakuja.

"Niliiuza kwa mwenye lojing Eastleigh," akasema Makokha. "Mwaka wa elfu mbili na tisa. Huyu alikuwa amepata kazi Dubai na ajenti anataka pesa ya tikiti. Mimi nikasema chuma ni chuma, rafiki ana watoto."

Vivian akaniangalia kwa heshima. Heshima kabisa, nzito! Nikainama chini kutafuta skrubu ambayo haikuanguka.

Halafu tukabaki wawili. Makokha akauliza polepole, bila kuniangalia, "Huko Dubai, mvua hunyesha mwezi gani?"

"Masika kama hapa tu, Mzee. Aprili."

Akafikiri. Akanipa bisibisi.

"Kaza hicho," akasema.

Jioni Job alikuja wakajaribu. Imepatana. Job akavua kofia. Nilipaswa kuruka juu. Nilienda nyumbani nikaacha ugali nusu, Nthoki akanishika paji la uso akidhani ni malaria.

Jumapili, 5 Oktoba

Naandika nikiwa nyuma ya jikoni ya holi, nimekalia kreti ya soda. Daftari hili natembea nalo mfukoni.

Amepiga. Nyimbo tatu na Job. Wa tatu mkono wa kushoto ulikataa katikati, akauweka mapajani, akamalizia na wa kulia peke yake, na Job akampunguzia mwendo bila kuambiwa. Hata wanaoosha sahani waliacha kazi. Basi la Webuye linaondoka kesho saa mbili asubuhi, na amepiga. Hilo hakuna wa kuliondoa.

Halafu akachukua maiki. Makokha, mtu wa kupiga meza! Akasema chombo hiki ataacha hapa holini, asiende nacho Webuye, kila mwenye mikono wa mtaa huu apige, mradi asiweke soda juu yake. Makofi. Akasema, vibrafoni ya kwanza ilimpeleka Mbaluka ng'ambo, na hii ndiyo Mbaluka amerudi nayo. Akasema nije mbele. Niwaeleze yale nilijifunza Dubai, watoto wasikie kwamba mtu wa Jericho anaweza kufika.

Nikasema naenda msalani.

Wanaita. Wanapiga meza na miguu: Dubai! Dubai! Nthoki anaita pia, sauti yake naijua. Vivian amechungulia mlangoni sasa hivi.

"Anko, mzee amesema hashuki kwenye jukwaa mpaka uje. Amesimama. Hataki kiti."

"Nakuja."

"Amesimama, anko."

Hawezi kusimama dakika kumi, yule. Lazima niingie, na nikiingia nimwambie nini? Uso wake najua utakuwaje. Au sijui. Ile ya mvua, alikuwa ananiuliza nini? Alijua sikufika, akanifungulia mlango niseme kweli? Na mimi nikaufunga, Aprili, kama hapa tu.

Siku ile ya safari ajenti hakuja uwanja wa ndege. Nilikaa na begi kwenye geti mpaka askari akanifukuza. Ningerudi vipi Jericho, nikakute ukuta mtupu sebuleni kwa Makokha pale vibrafoni ilipokuwa? Nilipanda lori. Miaka miwili nilikuwa Mariakani, njia ya Mombasa, nikilinda yadi ya malori. Hakuna hoteli. Hakuna mzungu. Hakuna mkono.

Sina bahati yoyote. Sijawahi kupanda ndege.