Sambusa za Mheshimiwa

Downsview, Jumatano, Septemba 2011

Nina hasira kweli. Miezi saba namngoja mbunge wetu wa mkoa anisaidie kumleta mama kutoka Bujumbura, kumbe mambo ya viza si kazi yake kabisa! Ni ya serikali kuu, kule Ottawa. Leo ndiyo nimeambiwa, na msichana wa ofisini kwake, tena anatabasamu.

Na mheshimiwa mwenyewe alijua. Siku ile alipokuja kanisani alikula sambusa zangu sita, akalipokea faili la mama kwa mikono miwili, akasema, "Niachie mimi." Leo nimerudishiwa halijafunguliwa. Fundo la uzi nililolifungia liko vilevile.

Jioni mchungaji kapiga simu. "Mama Neema, Jumapili mheshimiwa anakuja tena kuomba kura. Utatupikia?"

"Nitamwombea, mchungaji."

"Na sambusa?"

"Nimesema nitamwombea."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mama ana miaka themanini na moja, ee Bwana, na miezi saba hiyo…

Jumapili nitakaa kiti cha mbele, faili mapajani. Aombe kura zake huku analitazama fundo langu.