Sijali Hakuwa na Mfupa Kooni

Segese, Msalala
Jumanne alfajiri

Baba yangu mpendwa, Mzee Nkwabi,

Shikamoo, Baba. Mwangaluka. Naomba Mungu barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, unakula na unalala. Shangazi Lusia naye mpe shikamoo yangu, na umwambie michembe ya viazi aliyotuma ilikuwa mitamu hadi majirani wakaja na bakuli zao. Sisi huku ni wazima, kwa maana ya kwamba tunatembea. Mjukuu wako Serafina anakwenda shule, mkweo Edward yuko na pikipiki yake, na mimi bado nawapikia vijana wa makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, ingawa siku hizi ugali unaniungulia kwa mawazo.

Najua utashangaa kumwona mkweo amefika na barua mkononi kama tarishi wa zamani. Simu yako imezimwa, Baba. Nimepiga hadi Serafina akaninyang'anya simu. Tena lile nililoanza kukueleza Jumapili sikulimaliza, maana ulikata nikiwa katikati. Barua haina kitufe cha kukata. Vaa miwani, kaa chini, usome mpaka utakapoliona jina langu.

Naanzia mwanzo kwa sababu wewe ni mtu wa mifugo. Hukubali kwamba ng'ombe anaumwa kwa kuambiwa tu. Unataka ujue jana alikula nini na alilalia ubavu gani.

Unamjua mbwa wetu Sijali alivyokuwa. Ulipofika kwetu hakukubwekea hata mara moja. Alikunusa viatu, akakutangulia ndani kama mwenyeji wako. Basi katikati ya ziara yako nikaona amebadilika. Lilikuwa jambo dogo, la mtu kulicheka. Edward alirudi na pikipiki na Sijali hakutoka kumlaki. Alibaki kivulini nyuma ya madumu ya maji, macho wazi, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Nikadhani ni joto. Nikamwekea dagaa, akazinusa akaziacha. Baadaye nikamkuta anatafuna gunzi na udongo, mbwa aliyekataa dagaa! Hata sauti ilimgeuka. Utakumbuka alipobweka tulitazamana mimi na wewe, maana ilitoka inakwaruza kama ya jogoo mchanga anayejifunza kuwika, na Serafina akacheka.

Siku iliyofuata hakuna aliyecheka. Taya lilikuwa limelegea, mate yanamchuruzika hadi kifuani. Alikwenda kwenye sufuria lake, akatumbukiza mdomo, akalamba na kulamba, na maji yote yakarudi yalikotoka. Kiu anayo, kumeza hawezi. Mimi nikasema ana mfupa kooni, kwa sababu nilikuwa nimempa mabaki ya kuku. Na wewe kwa huruma yako hukungoja. Ulikunja mkono wa shati, ukamwambia Edward amshike, ukamtia mkono kinywani mpaka kooni. Ukatafuta, ukasema hakuna kitu, labda mfupa umeshuka. Sijali hakukuuma, hata nguvu ya kuuma hakuwa nayo. Lakini ulipotoa mkono, jino lilikuchana kidole gumba. Ukajimwagia maji kidogo, ukapaka majivu, ukasema ndama wanakuuma kila siku na hujafa. Asubuhi yake ukapanda basi kurudi nyumbani.

Ulipoondoka, miguu yake ya nyuma ikaanza kumpotea. Akawa anatembea kama aliyekunywa gongo, anagonga ukuta, anarudi nyuma ya madumu. Hapo nikamwita Bwana Donatus, afisa mifugo wetu. Hakumgusa. Alisimama mbali akauliza kama miezi ya karibuni Sijali alipigana na mbwa mwingine. Ndipo Edward akamkumbuka mbwa mmoja asiye na mwenyewe, aliyetokea upande wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji, akamrarua Sijali sikio. Sikio lilipona tukasahau. Chanjo nayo ilipopita mtaani sisi tulikuwa msibani, tukasema tutampeleka ikija tena.

Bwana Donatus alitueleza taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Alisema watu wanakijua kichaa cha mbwa kwa yule mbwa anayekimbiza watu barabarani, lakini kipo kingine kinachokuja kimya. Mbwa anajificha, anaacha chakula anakula uchafu, sauti inabadilika, taya linaanguka, hamezi. Wengi wanadhani ni mfupa. "Na huyu wa mfupa ndiye anayewapata watu wema," alisema, "maana watu wema ndio wanaotia mkono."

Sijali alikufa nyuma ya madumu yake. Bwana Donatus akamchukua kwa glavu, na sehemu yake imepelekwa kupimwa. Majibu hayajarudi, na tumeambiwa mtu haruhusiwi kungoja majibu. Siku ile ile tulikwenda kituo cha afya sisi watatu: mimi niliyempangusa mate, Edward aliyemshika, na Serafina aliyekuwa anamlisha kwa kiganja chenye mikwaruzo. Walituosha kwa sabuni na maji mengi ya bomba, muda mrefu hadi Serafina akalalamika, kisha wakatuchoma sindano. Sindano ni za mkononi, siyo zile za tumboni walizokuwa wakizisimulia wazee. Tumepangiwa kurudi na tunarudi. Nesi akauliza nani mwingine aliguswa na mate ya mbwa huyo. Nilipokutaja wewe na kidole chako, aliacha kuandika. Akaniambia, "Dada, mtafute mzee wako leo."

Nikakupigia. Ulipokea kwa furaha, ukaniuliza mvua. Nikakueleza habari ya Sijali, ukaniuliza swali moja tu: kama alikuwa anashindwa maji. Nikasema ndiyo. Ukasema, "Sawa mwanangu, Mungu yupo," ukakata.

Sitakuficha, nilikasirika. Nilimwambia Edward kwamba Baba ni mkaidi, anaona sindano ni mambo ya watoto, anatutesa. Usiku sikulala, na niliamka na hasira ile ile. Kisha jana Shangazi akapiga kwa simu ya jirani. Alisema huli, unashinda zizini, na umemwita kaka Maganga ukaanza kumwonesha ng'ombe, huyu wa nani na huyu wa nani, hadi yule ndama mwenye baka jeupe ukasema ni wa Serafina. Shangazi anadhani umegombana na mtu. Nilishusha simu, hasira yote ikaniisha.

Maana nimekuelewa, Baba. Wewe hukukata simu kwa dharau. Umeogopa. Tena huogopi sindano. Unaamini umekwisha kuchelewa.

Nilikuwa mdogo Baba mdogo Luka alipofariki, na kwetu jina lake halitajwi. Watu walisema amelogwa. Mimi nakumbuka vitu viwili tu: kwamba mlango wa nyumba yake ulifungwa tusiingie watoto, na kwamba ulitoka mle umeshika kikombe cha maji kikiwa bado kimejaa, ukakaa nyuma ya ghala ukalia. Sijawahi kukuuliza. Nesi aliponieleza ugonjwa huu unavyomfanya mtu ayaogope maji, nilikiona kikombe kile. Nikampigia tena Shangazi jana hiyo hiyo nikamuuliza, akaniambia kwa kunong'ona kwamba Luka aliumwa na mbwa mguuni, kidonda kikafunga vizuri, mkalima msimu mzima, ndipo ugonjwa ukaja. Na kwamba wewe ndiye uliyemshika mpaka mwisho. Na kwamba mlipomfikisha hospitali mliambiwa hakuna dawa.

Ni kweli, kwa Baba mdogo haikuwepo. Alifikishwa wakati ugonjwa umekwisha kumwanza. Neno lile umeishi nalo miaka yote hii, na juzi ukajisomea mwenyewe hukumu ile ile. Lakini nimerudi kwa nesi, Baba, nikamweleza yote, nikamshika mkono nikamtaka aniambie ukweli hata kama ni mchungu. Alisema hivi, nami naandika kama alivyosema: mtu ambaye dalili hazijamwanza, hajachelewa. Hata kama siku zimepita, hata kama kidonda kimekauka, aende. Dawa inafanya kazi kabla, haifanyi kazi baada. Baba mdogo Luka alikuwa upande wa baada. Wewe uko upande wa kabla. Leo uko kabla. Ya kesho sijui, na nesi naye hajui, na ndiyo maana Edward ameondoka huku alfajiri bila kunywa kitu.

Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima yote ya mtoto kwa mzazi, usimkaribishe Edward chai. Kioshe kidole hicho kwa sabuni ukimaliza kusoma, kisha panda pikipiki. Tumeuliza hospitali pale Kolandoto, sindano zipo. Edward ataingia nawe mpaka ndani, maana nimemwambia nawajua wazee wanaosema "nitaingia tu" wakaishia kivulini. Kama unaogopa, ogopa ukiwa umeketi nyuma ya Edward. Mimi nami niliogopa hivyo hivyo, na nilikwenda.

Ng'ombe waache wote zizini kama walivyo. Nilimwambia Serafina kwamba babu amempa ndama mwenye baka. Akaniuliza kwa nini babu anagawa vitu wakati hajafa. Nimemwambia jibu unalo wewe, Baba. Nenda ukachomwe sindano, uje umjibu.

Msalimie kaka Maganga na watu wa nyumbani wote. Edward akishakufikisha atanipigia, simu nimeiweka mfukoni mwa aproni hapa jikoni, nami sitaizima.

Binti yako akupendaye,
Hosiana