Doti Niliyoibeba Grenada

Jumatano, 2 Julai

Baridi ya Sydney, huku Merrylands, leo inatafuna masikio. Nimefua tangu asubuhi, nguo hazikauki. Mume wangu Nassor kavaa soksi jozi mbili na bado analalamika.

Nimemwambia: nakwenda Karibiani. Likizo yangu imerundikana, meneja mwenyewe kanibembeleza niichukue. Na Emérance — mwenzangu wa kazi, Mkongo wa Bukavu, mwaka wa nane huu tunahudumia wazee pamoja — ana hamu na zile fukwe tangu alipoziona kwenye kalenda ya jikoni kazini. Nassor kauliza Karibiani ipi. Nikasema visiwa vile. Kisiwa gani? Nikainuka kwenda kutazama wali.

Grenada. Haya, nimeandika. Humu hasomi mtu.

Maxwell anatoka Grenada. Maxwell ndiye anayemtaka Ruqayya wangu — na Ruqayya anamtaka, hapo ndipo penye kazi. Si kijana mbaya! Fundi umeme wa treni, kasilimu mwaka jana msikiti wa Auburn, anaswali kuliko Nassor. Lakini Aprili alikuja kuposa. Peke yake! Kagonga mlango na keki mkononi kama mtu wa kusoma mita. Posa gani hiyo ya mtu kujiposea? Nikamwambia: mimi simtoi mwanangu kwa mtu nisiyejua kwao. Wazee wako waje, ndipo nijibu. Akasema baba alishafariki na mama hawezi. Aliganda damu mguuni, daktari kamkataza ndege za mbali. Nikasema basi na jibu sina.

Tangu siku ile Ruqayya haji kula Jumapili. Anapiga simu, ananijulia hali, anakata. Mwezi wa tatu huu. Mwana mwenyewe ndiye huyo mmoja. Naumia, na sijui nirudi nyuma kwa njia gani.

Kwa hiyo nakwenda kutalii. Bahari, chakula, majengo ya kale. Na katika kupitapita nikimwona huyo mama kwa mbali, nikajua ni watu wa namna gani, kosa liko wapi? Maxwell mwenyewe alitueleza: kila Ijumaa mama yake anauza samaki mji mmoja unaitwa Gouyave, mbele ya nyumba ya njano.

Jumapili, 6 Julai

Sanduku limegoma kufunga. Emérance kaja kulikalia. Kaleta na kofia mbili, SYDNEY kwa herufi kubwa mbele, moja yake, moja yangu. Nikamwambia kule mimi natoka Tanzania na yeye anatoka Kongo, basi, Sydney isitajwe. Kacheka hadi akateremka kwenye sanduku.

"Weye Mama Ruqayya, tunaenda vacances, kupumzika, ao tunaenda kuiba?"

Chini kabisa nimeweka ile doti nyekundu ya kanga niliyoinunua Darajani, Unguja, miaka sita iliyopita, ya siku ya posa ya Ruqayya. Sijaikata, vipande viwili bado vimeshikana. Emérance kauliza ya nini ufukweni. Ya kutandika mchangani. Akasema haijakatwa hiyo. Nikafunga zipu.

Ukweli ni kwamba sijapata wa kukata naye. Mimi na marehemu dada Zuleikha tuligawana kila doti, kipande changu, kipande chake, tukitoka watu wanajua hawa ni kitu kimoja. Tangu afe nanunua, naweka.

Ruqayya kapiga. Nimemwambia kisiwa sikijui, Emérance ndiye mwenye tiketi. Akasema: "Okay. Enjoy, Mum." Sauti yake ilikuwa na jambo. Labda mtandao.

Jumanne, 8 Julai

Uwanja wa ndege. Nassor kanikumbatia vizuri, nikadhani ana la kuniambia la moyoni. Kauliza sukari inakaa wapi.

Jumanne, 8 Julai — tena!

Tumeondoka Sydney Jumanne, tumefika Marekani Jumanne hiyohiyo, saa za mapema kuliko tulizoondokea. Emérance anasema ni haki yake kupata kifungua kinywa mara mbili. Kapata. Miguu yangu imejaa kama mikate. Bado ndege mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Jamani, Grand Anse!

Mchanga mweupe, maji yametulia, unaona vidole vyako mpaka kucha. Joto! Mifupa yangu ya Merrylands imepata nafuu siku moja. Nimeingia baharini na lile vazi langu la kufunika mwili mzima, nimeelea kama boya, sikutaka kutoka. Emérance hajui kuogelea. Kasimama maji ya magoti, anapiga kelele za furaha, anapiga picha kila wimbi.

Nyumba yetu ya wageni ina baraza inayotazama bahari. Asubuhi wametupa mikate ya kukaanga — mandazi yasiyo na iliki, tuseme ukweli — na samaki wa chumvi aliyekaangwa na vitunguu na nyanya. Nimekula minne. Mchana tumekwenda mji mkuu, St. George's: vilima, mapaa mekundu, ngome juu, bandari ya duara chini. Tumepanda boti yenye kioo chini, wakatuonyesha sanamu za watu zimezamishwa baharini makusudi, wameshikana mikono kwenye duara. Emérance kafanya ishara ya msalaba. Mimi nikasoma niliyoyajua.

Sokoni ndiko nilikokutana na mtihani. Mwanamke mmoja muuza viungo kanishika mkono, ananifundisha. Hii karafuu, mama. Hii mdalasini. Kisiwa chetu ndicho kisiwa cha viungo duniani. Mimi! Mtoto wa Wete, niliyechambua karafuu kabla ya kujua kusoma! Nikatafuna moja kwa adabu. Si mbaya. Si ya Pemba, ila si mbaya. Lakini kungumanga yao — hapo nanyamaza. Imevalia basibasi yake, ule utando mwekundu mbichi, inang'aa. Wanaitia mpaka kwenye aiskrimu. Nimekula aiskrimu mbili.

Na wana shelisheli! Mti mzima uani kwa watu. Miaka sita sijala shelisheli lililotoka mtini siku hiyohiyo.

Kesho Ijumaa. Sina wasiwasi wowote.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemwona.

Gouyave jioni, barabara mbili za mji zimefungwa magari, meza za samaki, moshi, muziki, watoto. Nyumba ya njano ile pale. Na mbele yake mwanamke mrefu, mnene, aproni ya maua, mguu mmoja kaupandisha juu ya kreti, anakaanga. Wanamwita Miss Verna. Nikajipanga foleni kama mtalii yeyote.

Nimechunguza kila kitu. Mikono: anaosha kila mara, ndoo ya maji na sabuni pembeni. Kucha fupi. Babu mmoja mwisho wa foleni kaitwa mbele, kapewa kiti, kaondolewa hadi miba ya samaki wake. Kijana mlevi kaleta maneno, kamnyamazisha kwa jicho tu. Nikasema moyoni, mh, huyu kalelewa.

Zamu yetu ilipofika nikauliza kama mafuta yamekaangiwa nguruwe. Akanionyesha kikaango cha peke yake, safi, cha samaki tu. Kauliza tumetoka wapi. Tanzania, nikasema haraka. Akanitazama. Akamtazama Emérance. Nikageuka — kavaa kofia! SYDNEY, juu ya paji la uso, na taa ya meza imeimulika. Bi Verna kaniongeza samaki mmoja.

Nikajitia hamnazo. Nikala. Samaki yule... nisiseme uongo humu. Kavu nje, laini ndani, ndimu, kitunguu saumu. Kauliza nina watoto wangapi. Mmoja, wa kike. Anaitwaje? Nikasema mimi namwita Mama, kwa kuwa ana jina la mama yangu. Si uongo! Yeye akasema naye anaye mmoja, yuko mbali, kamwambia huko sasa ni baridi kali. Mwiba ukanipalia. Kanipigapiga mgongo mwenyewe mpaka ukatoka.

Emérance katupiga picha watatu. Bi Verna kasema kesho anapika nyumbani, twende, watalii wengi hawapati chakula cha nyumbani. Nikafungua mdomo nikatae. Emérance kashasema saa ngapi.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika taratibu leo.

Nyumba ndogo, ubao, imefagiliwa mpaka njia. Kapika kile chakula chao kikubwa, oil down: shelisheli, majani ya magimbi, madonge ya unga, manjano, tui la nazi zito, vyote vinapangwa sufuriani na kuachwa mpaka tui liishe, yabaki mafuta yake. Nilikaa kumkunia nazi, hakuniuliza kama najua. Tukafanya kazi pamoja, kila mmoja akimpisha mwenzake. Mara ya mwisho kupika hivyo na mtu ilikuwa na Zuleikha.

Desturi yao ni kutia nyama ya nguruwe ya chumvi. Hakutia. Katia samaki. Nikaona sufuria mpya kabisa, kubwa, karatasi ya dukani bado imeganda ubavuni. Na mwiko mpya. Na kisu. Nikauliza, kwa sauti ya mtalii, mbona vyote vipya.

Akasema ana mtu wake atakayekuja siku moja, Mungu akipenda, binti, hali nguruwe. Hataki aje akute chombo kilichogusa. Kwa hiyo kila Jumamosi anajaribu kupika bila nguruwe, jirani wanamcheka, wanasema chakula hakina ladha. Akanipa mwiko nionje. Nimwambie ukweli: kuna kitu kinakosekana?

Nimeonja. Nikasema hakuna kinachokosekana. Kisha nikatoka uani nikasingizia moshi.

Mwanangu anafanyiwa mazoezi ya kupikiwa na mtu asiyemwona. Na mimi nilimfungia mlango kijana wake, keki ikiwa mkononi. Nimeona haya, wallahi.

Emérance njiani hakunitania hata kidogo. Ndipo nikajua mambo makubwa.

Jumapili, 13 Julai

Asubuhi bahari. Emérance leo kafika maji ya kiuno, kajipongeza na soda mbili. Nimekaa mchangani nikipanga maneno: nimwendee Bi Verna kesho, nimwambie mimi ni nani, nimwombe radhi. Nimeyapanga vizuri, kwa Kiingereza, mwanzo mpaka mwisho.

Saa kumi jioni sasa. Naandika nimeketi ukingoni mwa kitanda, nywele zinachuruzika, mlango nimeurudishia.

Wako barazani!

Gari imesimama, wameshuka watatu, nguo za kanisani. Bi Verna na kofia ya rangi ya samawati. Kaka yake mkubwa, mzee Rufus, tai na mkongojo. Na shangazi yao, bibi wa miaka tisini labda, kashikwa mikono huku na huku. Bi Verna kabeba sinia limefunikwa kitambaa cheupe kilichotarizwa. Mimi natoka ufukweni, mchanga mpaka masikioni.

Bi Verna alinikumbatia kwanza. Akasema mwanawe alimwambia kwamba kwa kina Ruqayya ni lazima wazee waje. Tangu Aprili amekuwa akimsumbua daktari wake, na jibu ni lilelile. Sasa sisi tumeshasogea mpaka hapa, naye kilichobaki anakiweza, ni mwendo wa gari tu. Jina la binti yangu kalitaja vizuri, kila herufi.

Kumbe! Nimemvuta Emérance jikoni. Akakiri: ile picha ya Ijumaa kaiweka kwenye stetasi, na jina la nyumba yetu ya wageni chini yake. Ruqayya kaiona. Maxwell kamwona mama yake mzazi nyuma ya samaki. "Lakini ule mama alijua tangu kofia," Emérance anajitetea. "Mimi niko na makosa gani?"

Nimempigia Nassor mara tano. Sydney ni saa kumi na mbili ya asubuhi ya Jumatatu, shifti yake ya ghalani, Seven Hills, imeshaanza, simu imefungiwa kabatini. Mume hana habari kwamba binti yake anaposwa. Kwetu wanajibu wanaume, mama hukaa ndani akasikiliza nyuma ya pazia. Hapa wanaume wa upande wetu ni Emérance. Kashawapa juisi, kajitambulisha kuwa shangazi wa bibi harusi, kakaa kiti cha mbele, kakunja na miguu.

Najua la kufanya. Kwetu posa haijibiwi siku hiyohiyo, hata ukiipenda vipi. Unapokea kwa heshima, unasema tumesikia, tutawajibu. Watu wanaondoka, unapumua, unauliza ukoo, wiki mbili, mwezi. Ni ada na hakuna atakayenilaumu. Nitarudi Merrylands, nitakaa na Nassor, tutajadili.

Meseji ya Ruqayya imeingia sasa hivi: "Mum? Wamefika?" Kwa Kiswahili! Huyu ambaye hata salamu hunijibu kwa Kiingereza.

Nimefungua sanduku kutafuta baibui. Mkono umekwenda chini kabisa wenyewe. Doti iko mapajani mwangu, nyekundu, inanukia sanduku. Mzee Rufus anakohoa huko nje, kikohozi cha mtu aliye tayari kuanza. Bi Verna kasimamia ule mguu wake mbovu na sinia mkononi, hataki kukaa mpaka nitoke.

Emérance kachungulia, anauliza awaambie nini. Nimemwambia aniletee mkasi.

Mkasi wa nini?

Alete tu. Kipande kimoja nijitande mimi, na kingine nimtande Bi Verna, kabla hajalitua sinia.