Hati Aliyoniagiza Kaka

Kijiji cha Chak Noor,
Sahiwal.
Jumanne, 12 Februari 2019.

Mpendwa Dada Rukhshanda,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Maskati? Shemeji Waqar hajambo? Na kifua cha mwanao Hamdan kimetulia? Huku tu wazima wa mwili. Tangu arubaini ya Baba ipite Mama anakula kidogo, ila chai ya maziwa haikatai, na ndiyo inayomweka.

Barua hii anakuletea mke wa Hafidh Latif, mkono kwa mkono. Sikutaka kupiga simu. Kuta za nyumba hii zina masikio, na wifi yetu Shagufta anazisaidia.

Masomo yanaendelea. Umebaki muhula mmoja nipate shahada yangu ya usaidizi wa kisheria, Mungu akipenda. Siku hizi walimu wanatupeleka vijijini kuwafundisha wanawake wasiweke sahihi wala dole gumba kwenye hati za urithi kabla hawajasomewa. Bibi mmoja akaniuliza, "Na wewe kwenu, mwanangu, ulipewa chako?" Wenzangu wakacheka. Mimi nikainamia daftari langu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Kaka Mazhar aliniita sebuleni, akanimenyea chungwa. Unamjua, Kaka hammenyei mtu chungwa bure. Yeye aliyekuwa akisema nasomea umbea wa mahakamani, siku hiyo alinisifu mpaka nikaogopa.

"Wakili wa nini tena, na tunaye wetu wa nyumbani?" akasema. "Niandikie hati kwamba wewe, Rukhshanda na Mama mmeniachia shamba la Baba kwa radhi zenu. Tia na yale maneno yenu mazito."

Nikamuuliza kama amekuuliza wewe. Akacheka. "Rukhshanda atakataa nini naye?" Kisha akasema, taratibu kabisa, kwamba dada anayechukua ardhi asije kugonga mlango wa kaka yake siku atakayoachika. Najua neno hilo litakuchoma kuliko linavyonichoma mimi, kwa yale uliyonieleza juu ya Waqar. Mimi nami akanikumbusha ni nani anayenipa nauli ya chuo.

Usinione jasiri, Dada. Niliogopa. Nilikaa na karatasi tupu, nikamkumbuka Shangazi Zubeda. Alimwachia Baba fungu lake, peremende zikagawiwa, na kila Idi Baba akawa anampelekea nguo mpya. Alipofiwa na mumewe akaishia kwenye chumba cha uani kwa mkwewe, akiomba hata sabuni. Baba alimpenda sana, Mungu amrehemu, lakini shamba hakumrudishia.

Basi nikaandika, lakini nikaandika alivyogawa Mungu. Thumni ya Mama, moja ya nane. Kinachobaki mafungu manne, mawili ya Kaka, moja lako, moja langu. Juzi nikaisoma mbele ya Mama na imamu. Kaka akanikazia macho.

"Ndiyo uliyofundishwa hiyo?"

"Ndiyo, Kaka."

"Basi pesa yangu imenirudia kama kofi."

Imamu akasema mafungu hayo sikuyapanga mimi, kisha akaulizia viatu vyake. Mama akajitanda upya mtandio wake, nikadhani anaondoka na kuniacha peke yangu. Mwishowe akasema, "Lete wino," akaweka dole gumba. Nami nikatia sahihi. Tangu siku hiyo Kaka hali nasi, na nauli sipewi. Leo sikwenda chuo, na mtihani unakaribia.

Amesema Ijumaa atakupigia simu umwachie fungu lako, na atalia. Kilio chake ni cha kweli, kafiwa kama sisi. Nakuomba usimkubalie kwa huruma, wala usiende ubalozini kusaini karatasi yake kabla hujaisoma mpaka mwisho. Ukisoma na bado ukataka kumwachia, ni haki yako, sitakununia. Lakini mlango wa Kaka ni wa Kaka, na amekwisha kukuonyesha kwamba anaweza kuufunga. Fungu ni lako, hata Waqar akikuacha kesho.

Mpe Waqar salamu za heshima, na umbusu Hamdan mashavu yote mawili. Mama anakusalimu, anasema usilie peke yako huko ugenini. Kaka hakunipa salamu za kukuletea, nami sitamtungia. Mungu akupe moyo mgumu kwa siku moja tu, hiyo Ijumaa, halafu akurudishie ule wako laini.

Mdogo wako akupendaye,
Nudrat