Mawe katika Pindo la Keji

Jumatano, 7 Agosti 1996. Mvara, kwa Helen

Tumefika Arua. Kutoka Koboko juu ya lori la mihogo, mjukuu wangu Keji mapajani. Mwepesi kama furushi la majani makavu. Mtoto wa miaka sita!

Daktari alimwangalia koo kwa tochi. Akasema kostiki aliyoinywa, ile dawa kali ya kupikia sabuni, ilimuunguza, sasa kidonda kinapona vibaya, njia inazibika. Kuifungua ni Kampala, hapa chombo hakuna. Nikauliza, na tukingoja? Akaangalia dirisha. Nimeelewa.

Lakini Kampala kwa njia gani? Barabara ya Pakwach waasi wa porini wanachoma mabasi. Helen, mwenyeji wetu, anasema siku hizi Arua ni kisiwa, hutoki ila kwa ndege.

Kostiki hiyo ni mke wa mwanangu aliiacha, jina lake Afisa, mama yake Keji mwenyewe. Kwenye kikombe cha chai. Kikombe cha chai! Tangu siku ile sijamsemesha. Akiniamkia namwonyesha mgongo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda kiwanja cha ndege. Nilidhani kitu kikubwa. Ni barabara ya murram tu, udongo mwekundu, nyasi huku na huku, kibanda cha mabati, mbuzi wa watu.

Ndege ndogo ya misheni inakuja Jumatatu. Wamekubali kubeba mgonjwa na mtu mmoja wa kumshika. Karani wa pale, Okuonzi, kijana mwenye meno mazuri, aliandika: Keji, na Mariam Poni, yaani mimi. Akasema Jumatatu kila mtu atapanda mizani. Nikamwambia sisi si tumbaku. Akacheka, akaenda kufukuza mbuzi kwenye njia ya ndege.

Maziwa leo yameshuka kidogo. Kichwa lazima kilale kushoto, kidole changu chini ya kidevu. Nangoja ameze, ndipo tone lingine. Ukiharakisha yanatoka puani, na yeye analia bila sauti. Hicho kilio sikitaki tena.

Ijumaa, 9 Agosti

Hii mizani inanisumbua.

Mimi najua mizani. Tumbaku nyepesi mnunuzi anaisukuma kando kwa mguu. Na kule Sudan, ukimbizini, watoto waliokuwa wepesi sana waliwekwa upande wao. Wengi hawakutoka upande ule. Nani atapoteza kiti cha ndege kwa mtoto ambaye mizani inasema anakufa?

Marehemu mume wangu, sajini, huyo aliyenifundisha herufi kwenye kota za jeshi, kila msimu aliweka jiwe katikati ya robota la tumbaku. Hawakumshika hata mara moja. Basi nimeokota mawe hapa njiani Mvara, madogo, ya mviringo, nimeyashonea kwenye pindo la gauni la Keji. Mengine kwenye mkanda.

Keji akasema, "Haboba, bibi yangu, gauni linanivuta chini."

Nikasema, "Ndiyo. Linakushika usipeperuke."

Akacheka kwa macho. Sauti imebaki kidogo.

Mimi pia nimekula. Posho, ugali wa mahindi, na maharage, mpaka Helen ameuliza kama Jumatatu nasafiri au napigana mieleka.

Jumamosi, 10 Agosti

Afisa amekuja. Kwa baiskeli ya kuazima, Koboko mpaka hapa. Vumbi mpaka kwenye kope. Amesimama uani. Helen akampa maji. Mimi nilimbeba Keji nikaingia ndani. Mtoto akanyoosha mkono dirishani. Nikafunga dirisha.

Helen: "Poni, yule ni mama yake."

Nikajibu: "Kikombe pia kilikuwa cha mama yake."

Jumapili, 11 Agosti

Hata maziwa yanarudi. Mungu, kesho usichelewe.

Jumatatu, 12 Agosti. Kiwanjani

Naandika nimekaa juu ya mzigo, chini ya bati. Mawingu yamesimama upande wa Nile, rubani anangoja yasogee. Niandike tu.

Mizani ni ile ile ya kupimia magunia. Keji alipanda kwanza. Okuonzi akaangalia mshale, akamwangalia mtoto, tena mshale. "Huyu ana kilo za mbuzi dume." Akashika pindo. Mawe.

Watu walicheka. Mzee mmoja alishika tumbo. Okuonzi hakucheka, akasema, "Mama, hapa tunatafuta mwepesi. Uzito ndio unaangusha ndege."

Kumbe. Kumbe ni kinyume.

Nilikata uzi kwa meno, mbele ya wote. Mawe yakaanguka kwenye sakafu moja moja. Aibu baadaye, leo sina nafasi yake.

Kisha mimi. Nilikuwa nimevaa magomesi matatu, yale magauni yetu marefu. Nikavua mawili. Nikavua viatu, kilemba, bangili. Mshale haukusikia. Ndege imejaa dawa za kurudisha na masista wawili, nafasi iliyobaki ni ya mtoto na mtu mwembamba.

Okuonzi: "Mama, hata bila mawe, wewe peke yako ni watu wawili."

Nikamwambia, "Kilo hizi nilizitafuta ukimbizini miaka mingi nikazikosa. Leo ndiyo unaniambia zina makosa?"

Akainamisha kichwa. Akasema, taratibu: hakuna mwingine? Mtu mwepesi? Ndege nyingine ni wiki ijayo, kama barabara inayoleta mafuta ya ndege itapitika.

Wiki ijayo. Nikamwangalia Keji. Midomo imekauka kama ganda.

Nilijua yuko wapi. Nilijua tangu tulipoteremka kwenye baiskeli ya boda. Kwenye ua, amekamata waya kwa mikono miwili, mwembamba kama kuni. Sikumwita kwa jina. Nilimwambia Okuonzi: "Yule pale mwenye leso ya kijani. Mpime."

Akapimwa. Wameenea, yeye na mtoto. Jina langu limefutwa, la Afisa limeandikwa juu yake.

Sasa amekaa kule upande wa pili wa kibanda, Keji mapajani. Mtoto amemwekea kichwa shingoni kama vile hakuna kitu kilichotokea. Mimi huku, yeye kule, katikati mawe yangu kwenye sakafu. Chupa ya maziwa iko kwangu. Amenitazama mara mbili. Nimetazama ndege.

Mawingu yanasogea. Rubani amepanda.

Chupa nitampa Okuonzi ampelekee. Lakini kichwa kulala kushoto, kidole chini ya kidevu, kungoja — hayo Okuonzi hayawezi. Hayo ni mdomo kwa mdomo. Ni mimi nimwambie. Na nianze na neno gani, kwa mtu ambaye

Panga la ndege linazunguka. Naenda kwake —