Karoti za mama zimepinda

Shoga, uko? Nimekaa chini hapa uani.

Nimeng'oa karoti nilizopanda kwenye tuta la mama. Zote zimepinda! Zimeshuka kiganja kimoja, zikakunjika.

Nikachimba. Jembe likalia ngaa! Ni sakafu ya bafu la zamani, imefunikwa udongo kidogo tu.

Unakumbuka alivyonikataza? Ulikuwepo. "Mwanangu, hapa udongo hauna kina. Panda mchicha, karoti peleka kule nyuma." Nikamjibu mbele yenu, "Mama, umeanza kuchanganyikiwa." Nikamnyang'anya jembe. Nilimnyang'anya jembe, shoga!

Akacheka tu. "Haya, bibi shamba."

Hakulishika tena. Nikawatangazia ndugu zangu wote kwamba akili za mama zimekwisha, asiachiwe kitu chenye makali. Mpaka tunamzika mwezi uliopita, niliamini hivyo. Kumbe alikuwa na akili zake timamu!

Sasa sikiliza. Nyuma ya karoti, ukutani, kuna mstari wa mchicha ambao sikuupanda mimi. Umestawi mpaka unainama.

Na pembeni yake kimechomekwa kijiko cha chai. Mama yangu alikuwa analimia kijiko, shoga. Kwa kunificha mimi.